Mwongozo kamili: Kuendesha shindano la kura mtandaoni kwa miradi ya jamii, msimu baada ya msimu

Mashindano mengi ya kura hufa huku fedha za zawadi bado zipo. Kinachoisha ni watu. Vikundi kumi vinaingia msimu wa kwanza, viwili vitatu vinachukua zawadi, vilivyobaki vinarudi mikono mitupu, na hao waliorudi mikono mitupu ndio walioleta sehemu kubwa ya wapiga kura. Wakiondoka wanaamini wamechezewa, msimu wa pili utabaki na mshindi, mdhamini na shangazi wa mshindi. Kwa hiyo karibu kila ushauri ulio hapa chini unamlenga aliyeshindwa: aione hesabu, aikubali, na apate sababu ya kurudi.

Shindano ninalolizungumzia ni la kujirudia. Vikundi vinaleta miradi, mathalani kisima, vitabu vya shule, usafi wa ufukwe au ulinzi wa watoto. Watu wanapiga kura kwa simu, na miradi inayoongoza inapewa ruzuku ndogo. Huhitaji kampuni kubwa nyuma yako. Unahitaji watu wanne makini, fedha zilizokwisha kuingia benki, na kanuni zilizoandikwa kabla kura ya kwanza haijapigwa.

Waliotangulia walikwama wapi

Mwaka 2010 kampuni ya Pepsi iliacha kutangaza kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani inayotazamwa na mamilioni, jambo ililokuwa ikilifanya kwa miaka 23, ikaanzisha Pepsi Refresh Project nchini Marekani. Bajeti ilikuwa dola milioni 20. Kila mwezi walipokea mawazo 1,000 ya kwanza na kugawa takriban dola milioni 1.3 kwa ngazi nne, kuanzia dola 5,000 hadi dola 250,000. Mtu mmoja aliweza kupiga kura kumi kila siku, mwezi mzima.

Hapo kuna mtego wa aina mbili. Wa kwanza ni kupokea kwa kuwahi, kwani anayeingia ni mwenye intaneti ya kasi, hata kama mradi wake ni hafifu. Wa pili ni kura za kila siku. Ukimruhusu mtu apige leo, kesho na keshokutwa, unakigeuza kila kikundi kuwa kero kwa ndugu na marafiki zake. Vikundi vilianza kuungana kwa mtindo wa nipigie nikupigie, malalamiko ya udanganyifu yakafuata, na mwaka 2012 mradi ukafungwa. Kwenye soko, soda ya Pepsi ilikuwa imeshuka hadi nafasi ya tatu nchini humo mwaka uleule wa 2010, nyuma ya Coca-Cola na Diet Coke. Mdhamini anayetarajia shindano liuze bidhaa atakukimbia, basi mwulize mapema anatarajia nini, na jibu lake liwe kwenye maandishi.

Benki ya Chase ilijaribu mwishoni mwa 2009 kupitia Facebook, kwa dola milioni 5. Siku za mwisho za kupiga kura hesabu iliacha kuonyeshwa hadharani, kisha baadhi ya vikundi vikalalamika kwamba vimeondolewa kimyakimya, vikiwemo vya kutetea mabadiliko ya sheria za bangi na vya kupinga utoaji mimba. Hata kama benki ilikuwa na haki ya kuchagua inayemsaidia, wakati wa kuchagua ulikuwa kabla ya kura.

Na kuna kisa cha meli ya utafiti ya Uingereza. Mwaka 2016 taasisi husika iliwaomba wananchi wapendekeze jina na kulipigia kura mtandaoni. Utani wa Boaty McBoatface ukaongoza kwa kura 124,109. Meli ikaitwa RRS Sir David Attenborough, na jina la utani wakalipa chombo kidogo cha chini ya maji. Watu walicheka, lakini aliyepiga kura alijifunza kwamba kura yake ilikuwa maoni tu. Kama kura kwako ni maoni, sema hivyo siku ya kwanza. Kama ni uamuzi, chuja wagombea kwanza, kisha ukubali atakayetoka.

Hatua ya 1: Fedha na kalenda

Weka benki fedha za misimu mitatu kabla ya kutangaza wa kwanza. Ukiwa na shilingi milioni 6 za Tanzania, usitoe zote kwa kishindo. Tenga milioni 2 kwa kila msimu, na mgao uwe hivi:

- Mshindi wa kura: 800,000
- Wa pili: 400,000
- Zawadi ya Jirani (nitaieleza kwenye hatua ya 4): 300,000
- Vikundi saba vilivyobaki: 50,000 kila kimoja, jumla 350,000
- Meseji na gharama za mfumo: 150,000

Hizo 50,000 za vikundi saba watakaozipinga ni wengi, wakisema ni kugawa fedha kwa walioshindwa. Mimi nazitetea kuliko mstari mwingine wowote kwenye orodha hiyo. Kikundi kimenunua bando, kimetuma vijana stendi na sokoni kuomba kura, kimepiga picha za mradi. Kikirudishiwa gharama, hakitawaambia watu kwamba kilitumika. Weka sharti moja tu: kiwe kimepata angalau kura 100 zilizohakikiwa, ili asije mtu kujiandikisha kwa ajili ya nauli.

Kuhusu kalenda, kila mwezi ni mara nyingi mno kwa timu ya kujitolea. Kila baada ya miezi mitatu kunatosha. Wiki mbili za kupokea maombi, wiki mbili za mchujo, siku saba za kura, siku kumi za uhakiki na kutangaza, na muda unaobaki ni wa kutembelea miradi na kupumua. Kwepa miezi ya kampeni za uchaguzi mkuu, maana neno kura wakati huo lina wenyewe, na kila mgombea udiwani atataka kikundi chake kishinde. Angalia pia Ramadhani, mitihani ya kitaifa na likizo za vyuo, hasa kama wapiga kura wako wengi ni wanafunzi.

Hatua ya 2: Sheria

Mpiga kura asilipe chochote na asiahidiwe zawadi ya bahati nasibu. Ukichanganya malipo, bahati na zawadi, umeingia kwenye michezo ya kubahatisha, ambayo Tanzania inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na Kenya ina mamlaka yake. Wadhamini hupenda wazo la kuchezesha bahati nasibu ya simu kwa wapiga kura. Likataeni, au mwende kuomba kibali kwanza.

Namba za simu ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya kamishna. Kwa vitendo: uliza kama mnapaswa kujisajili, andika kwenye ukurasa wa kura namba zitatumika kwa kazi gani na zitafutwa lini, kisha zifuteni kweli. Siku 30 baada ya matokeo zinatosha. Mdhamini akiomba orodha ya namba ili atume matangazo, jibu ni hapana, na jibu hilo liwemo kwenye mkataba wake. Walioko Tanzania waulize pia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama ukurasa wao unahitaji leseni ya maudhui mtandaoni.

Hatua ya 3: Maombi na mchujo

Fomu iwe fupi: jina la kikundi, namba ya cheti cha usajili, mradi kwa maneno 150, bajeti ya mistari isiyozidi mitano, picha mbili, na majina ya watu wawili wa kuwasiliana nao. Vikundi vingi vya akina mama na vijana vina cheti kutoka halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii, na hicho kinatosha. Mpigie simu mwenyekiti na mweka hazina kwa nyakati tofauti, uwaulize swali lilelile: hizi fedha zikija, kitu cha kwanza mtakachonunua ni nini? Majibu yakipishana sana, kikundi hakijakaa kikao.

Omba pia jina fupi lisilozidi herufi 12. Litaonekana ni jambo dogo hadi siku ya kutengeneza menyu ya kupiga kura kwa simu ya kitochi. Ukurasa mmoja wa USSD, ile menyu inayofunguka kwa kupiga nyota, namba na reli, hubeba herufi 182 tu, nafasi na namba zikihesabiwa. Miradi kumi yenye majina ya herufi 12, pamoja na namba zake na kichwa cha "Chagua mradi:", inaingia kwa kubanana. Neno Mwanakwerekwe peke yake ni herufi 13. Kikundi kisipochagua jina fupi chenyewe, fundi atakikatia jina, na ugomvi wa kwanza wa msimu utakuwa huo.

Kwenye picha kuweni wakali. Mtoto asionekane sura bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, na mgonjwa au manusura wa ukatili asionekane kabisa. Shindano la kura lina kishawishi kibaya cha kushindanisha machozi: kikundi kimoja kikiweka picha ya mtoto anayelia, wiki ijayo vitatu vitaweka. Andika kwenye kanuni kwamba picha ionyeshe kazi au mahali, kama shimo la kisima, darasa lisilo na madawati, au mitumbwi ufukweni.

Mchujo ufanywe na watu watano, na yeyote mwenye ndugu au mwanachama mwenzake kwenye kikundi atoke nje kikundi hicho kinapojadiliwa. Watoe vikundi kumi. Waliokosa nafasi waandikiwe sababu yake kwa sentensi mbili, na kuanzia hapo kamati haina tena mamlaka ya kumtoa mtu kwa sababu ya kutopenda mradi wake.

Hatua ya 4: Kura zenyewe

Kila mpiga kura apige kura mbili, mara moja kwa msimu. Ya kwanza ni kura ya nyumbani, anampa anayemtaka. Ya pili ni kura ya jirani, na lazima iende kwa mradi tofauti. Kura za nyumbani zinaamua mshindi na wa pili. Kura za jirani zinahesabiwa peke yake na zinaamua Zawadi ya Jirani. Aliyekwisha kushinda kwa kura za nyumbani hachukui ya jirani, inashuka kwa anayefuata.

Kwa nini zitenganishwe? Ukizijumlisha, mjanja atatupa kura ya pili kwa mradi dhaifu kuliko yote ili asimsaidie mpinzani, na vikundi viwili vikubwa vitakubaliana kubadilishana. Zikitengwa, kura ya jirani haimdhuru wa nyumbani kwa namna yoyote, basi mtu anasoma miradi mingine kwa moyo mweupe. Na ndiyo shabaha ya shindano: aliyeletwa na binamu yake apigie kisima cha kijijini kwao aondoke akijua kwamba kuna watu Pangani wanapanda mikoko. Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, kwa miongo mingi wamekataza nchi kujipigia kura, kwa sababu inayokaribiana na hii. Mimi sioni haja ya kumnyima mtu raha ya kumpigia wa kwao, ila asiishie hapo.

Ukubwa wa vikundi ni tatizo jingine. Shirika la mjini lenye wafuasi laki moja Instagram likiwekwa na kikundi cha wavuvi wenye simu nane, hakuna shindano. Tengeneza madaraja mawili kwa bajeti ya mwaka uliopita, kila daraja na msimu wake: msimu huu wadogo, ujao wakubwa. Ni rahisi kuliko kupima kura kwa mizani ambayo hakuna mtu nje ya kamati atakayeielewa.

Namba za vikundi zigawiwe kwa bahati hadharani, hata kama ni kwa karatasi ndani ya kofia kwenye video ya moja kwa moja. Wa juu kwenye orodha hupata kura za watu wavivu. Kwenye tovuti orodha inaweza kuchanganywa kila mtu anapoifungua, lakini kwenye USSD namba lazima ibaki ileile, kwa sababu kikundi kitaiandika kwenye fulana.

Kuna mtindo mmoja umeenea sana kwenye tuzo za Afrika Mashariki: kura ya kulipia, ambapo kila shilingi mia kadhaa ni kura na unaweza kupiga hata mia mbili. Huo ni mchango, na hauna ubaya ukiitwa mchango. Ukiuita kura, unatangaza kwamba mwenye mjomba mwenye nazo ndiye mwenye mradi bora.

Hatua ya 5: Mfumo

Kura ya WhatsApp haifai kwa jambo lenye fedha. Kwenye kundi kila mtu anaona nani kapiga nini. Google Forms yenye sharti la kuingia kwa akaunti inafaa kwa majaribio ya watu mia mbili, lakini inawaacha nje wasio na barua pepe, na akaunti mpya inafunguliwa ndani ya dakika tano.

Ninachopendekeza ni namba ya simu kuwa ndiyo kitambulisho: mtu anaandika namba, anapokea tarakimu sita kwa meseji, anazijaza, anapiga. Laini Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole, hivyo kukusanya laini mia mbili za kuchakachulia kunaumiza kichwa kidogo, japo kunawezekana. Pembeni yake weka USSD kwa wenye vitochi, kupitia kampuni inayokodisha menyu ya pamoja. Kumiliki namba yako mwenyewe ni ghali na kunachukua muda.

Fundi wako pengine atataka kuzuia kura zaidi ya moja kutoka anwani moja ya intaneti. Mkatalie. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hosteli nzima ya chuo inaweza kuonekana kama mtu mmoja. Kizuizi hicho kitawafungia wapiga kura halali asubuhi ya siku ya kwanza, huku mdanganyifu akibadilisha anwani kila dakika. Anwani irekodiwe kwa ajili ya uhakiki tu.

Jambo la kuzuia ni namba za nchi. Kuna wahuni wanaojaza maelfu ya namba za nchi za mbali kwenye fomu kama hizi ili wagawane malipo ya meseji zinazotumwa huko, na bili inakuja kwako. Ruhusu +255, +254 na zile unazozijua kwamba zina watu wako. Mwenye kikundi cha Unguja au Pemba asisahau +968, maana ndugu wa Oman hupiga kura kwa bidii kuliko wa hapa. Weka pia kikomo cha meseji tatu kwa namba kwa siku.

Hesabu ya gharama ni nyepesi: kila mpiga kura wa tovuti anakula meseji mbili, ya tarakimu na ya risiti. Ukitarajia watu 3,000, panga meseji 6,000, kisha zidisha kwa bei ya meseji moja uliyopewa.

Hiyo meseji ya risiti iandikwe kwa uangalifu. Iwe hivi:

*"Asante. Kura zako mbili za Msimu wa 2 zimepokelewa leo saa 1:12 usiku. Risiti 7K4Q. Kama si wewe uliyepiga, jibu HAPANA kabla ya Jumapili saa 2:00 usiku."*

Jina la mradi uliochaguliwa halimo, na halipaswi kuwemo. Meseji inayosema umempigia nani ni risiti ya kuuzia kura: mtu anamwonyesha mnunuzi, analipwa buku mbili. Chaguo lionekane kwenye skrini kabla ya kuthibitisha, kisha liishie hapo.

Hatua ya 6: Wiki ya kura

Fungua Jumatatu asubuhi, funga Jumapili saa 2:00 usiku. Usifunge saa sita usiku. Saa hiyo fundi kalala, mtoa huduma wa meseji hapokei simu, na dakika kumi za mwisho ndizo zenye msongamano. Kanuni iseme kwamba aliyeomba tarakimu kabla ya saa 2:00 ana hadi saa 2:15 kumaliza.

Kila kikundi kipewe bahasha moja ya kidijitali: picha yenye namba yao, ujumbe mfupi wa kusambaza, sauti ya sekunde 30 kwa makundi ya WhatsApp ya wazee wasiopenda kusoma, na maelezo ya namna ya kupiga kwa kitochi. Vikundi vidogo havina mtu wa kutengeneza hivi vitu, na pengo hilo ndilo linalowaangusha kabla hata ya kura.

Hesabu ionyeshwe hadi Ijumaa usiku, kisha ifichwe. Kuonyesha kunatia hamasa. Kuficha mwishoni kunamfanya aliye wa saba asikate tamaa, na kunamnyima mnunuzi wa kura uhakika wa anunue ngapi. Tofauti yenu na benki ya Chase ni kwamba ninyi mtakuwa mmeliandika hili kwenye kanuni na kulikumbusha Alhamisi. Mkenya anayekumbuka uchaguzi wa rais wa 2017, upinzani ulipodai seva za tume ya uchaguzi zifunguliwe, hahitaji sababu kubwa kuanza kudai zenu zifunguliwe pia.

Kuwe na mtu mmoja wa zamu kujibu malalamiko, na kila lalamiko liandikwe kwenye daftari lenye saa, hata la kipuuzi.

Hatua ya 7: Uhakiki wa kura

Hapa ndipo misimu inapookolewa au kuzikwa, basi msikimbie kutangaza usiku uleule. Mtangaze matokeo ya awali, myaite ya awali, na mjipe siku tano.

Tuseme kikundi namba 6, ambacho kwa siku kilikuwa kikipata kura kama 140, kimepata kura 310 usiku wa Alhamisi kati ya saa 8:05 na saa 8:14. Wapinzani watapiga kelele. Pengine wana haki, pengine hawana. Watu wengi hutumia bando la usiku kwa sababu ni rahisi, na mwanafunzi mmoja akituma kiungo kwenye kundi la darasa saa nane, wenzake wako macho. Tazameni mambo haya kabla ya kutamka lolote.

Kwanza, namba zenyewe. Namba zinazofuatana, zikiishia 01, 02, 03, zimenunuliwa pamoja. Za darasa la chuo zimesambaa kwenye mitandao yote.

Pili, muda kati ya kufungua ukurasa na kuthibitisha. Binadamu anasoma, anapoteza meseji, anarudi, kwa hiyo muda hutofautiana sana. Kura zote zikitumia sekunde tisa kamili, hapo kuna programu.

Tatu, kura ya jirani. Huu ndio ushahidi ninaouamini kuliko wote. Watu halisi wa kundi moja huwa na mapendeleo: wengi wataangukia miradi miwili mitatu, wachache watatawanyika. Mtu wa kukodi huweka kura zote za pili kwa namba ileile, au programu huzigawa sawasawa kama karanga za kupimwa.

Nne, simu. Chagueni kwa bahati namba 20 kati ya zile 310 na mpige. Swali ni moja: je, ulipiga kura kwenye shindano letu wiki hii? Msiulize ulimpigia nani. Kanuni iwe imeshasema kwamba kati ya waliopokea, robo wakikana, fungu lote linaondolewa.

Kinachoondolewa ni kura. Kikundi kibaki, isipokuwa mna ushahidi kwamba viongozi wake ndio waliopanga. Sababu ni ya kimkakati: kama adhabu ya kura feki ni kufukuzwa, njia nyepesi ya kummaliza mpinzani ni kumnunulia kura feki mia tatu na kukaa pembeni kulalamika. Ukiondoa kura tu, mnunuzi kapoteza hela yake na hakuna kilichobadilika.

Mkimaliza, toeni jedwali: kila kikundi, kura zilizopokelewa, zilizoondolewa, sababu kwa maneno mafupi, zilizobaki. Msichapishe namba za simu, hata zikiwa zimefichwa nusu. Kila kikundi kiwe na mwakilishi aliyealikwa kukaa na mhakiki kwa saa moja na kuona kura za kikundi chake zilivyochujwa. Wengi hawatakuja. Watakaokuja ndio watakaowaambia wengine kama mlikuwa wa kweli.

Kura zikilingana, hela za nafasi hizo zijumlishwe na kugawanywa sawa. Msirushe sarafu.

Hatua ya 8: Kulipa na kufuatilia

Lipeni kwenye akaunti ya benki ya kikundi yenye saini zaidi ya moja. Simu ya mwenyekiti si hazina, hata kama mwenyekiti ni mtu wa Mungu. Asilimia 60 itoke ndani ya siku saba, asilimia 40 baada ya risiti za fungu la kwanza na ziara ya mtu wenu. Ziara isigeuke ukaguzi wa kutisha. Mtu aende, aone mabomba yaliyonunuliwa, apige picha, anywe chai, aulize kilichopanda bei.

Kikundi kisipoleta risiti ndani ya siku 90, fungu la pili linarudi kwenye kapu la msimu ujao na jambo hilo linatangazwa bila matusi. Nusu ya imani ya watu kwenye shindano hutokana na picha za kisima kilichokamilika miezi mitano baadaye, wakati hakuna anayeomba kura.

Msimu wa pili na kuendelea

Pepsi walikuwa na kanuni moja nzuri: wazo lililomaliza kwenye 100 bora bila kushinda liliingia mwezi uliofuata bila kuomba upya. Kwenu wenye vikundi kumi, wapeni nafasi ya moja kwa moja wawili waliofuata baada ya washindi, ila kura zao zianze sifuri. Wakirudi na kura za msimu uliopita, wageni watajua wameshachelewa. Nafasi hiyo waitumie daraja lao litakaporudi. Mshindi apumzike misimu mitatu, na mumwombe awe mwenyeji wa sherehe ndogo ya msimu unaofuata, kwa gharama zenu.

Kanuni zibadilishwe kati ya misimu tu, kamwe si katikati, hata mkigundua tundu kubwa. Mkiliona tundu wiki ya kura, liandikeni, vumilieni, lizibeni baadaye. Wiki mbili baada ya kila msimu itisheni kikao cha saa moja na vikundi vyote kumi kwa simu au ana kwa ana, mkianza na walioshika mkia. Wao ndio watakaowaambia kwamba menyu ya USSD ilikatika kabla mtu hajafika kwenye kura ya pili, au kwamba sauti ya sekunde 30 ilikuwa na Kiswahili cha ofisini.

Fedha zikikaribia kuisha, semeni mwanzoni mwa msimu kwamba huu ni wa mwisho hadi mdhamini mwingine apatikane. Waliopewa nafasi ya moja kwa moja wajulishwe kwa simu, mmoja mmoja, kabla tangazo halijatoka.